Kidevu cha Bi Tatu: Safari ya Kwenda Kumchora Salehe Johannesburg

Tangu nirudi sijanywa kahawa kwa amani. Kila nikikaa, mtu ananiuliza habari za Johannesburg. Namweleza, nikifika katikati anaingia mwingine, naanza upya, na yule wa kwanza anaondoka na nusu. Matokeo yake hapa Ngamiani wapo wanaoamini nilikwenda kuchora maiti, na wapo wanaoapa kwamba nilikwenda kuwachora Wajapani. Sasa naandika mara moja, msome wote. Ya tiketi na pasipoti siyaelezi. Aliyewahi kusafiri anayajua, na ambaye hajasafiri yatamvunja moyo bure.

Kwa vijana wasiomkumbuka: Salehe Kombo alikuwa mwigizaji wa kikundi chetu hapa Tanga, na miaka yote aliigiza mtu mmoja tu, Bi Tatu, mama mkwe mwenye maneno. Mwanamume mwenye mabega ya mpagazi anafunga kanga, anatokeza jukwaani, na kina mama wa mstari wa mbele wanaanza kufuta machozi kabla hajafungua mdomo. Mimi nilikuwa mchora vibao wa kikundi. Bi Tatu aliyesimama kwenye ubao mlangoni pa ukumbi alikuwa mkono wangu, na wapo waliolipa kiingilio kwa ajili ya ubao ule. Baadaye Salehe alihamia Johannesburg na mkewe, Mwanaidi, wakafungua kibanda cha vitambaa Fordsburg, na kikundi kikafa taratibu.

Mwaka huu akanipigia simu kwa sauti iliyokwaruza mpaka nikadhani ni mtandao. Ana uvimbe kooni. Madaktari wameamua kuondoa kisanduku cha sauti, na wamempa Jumatatu ya kulazwa. Baada ya hapo ataishi, inshallah, lakini hatasema tena.

"Rajabu, njoo umchore Bi Tatu kabla hajanyamaza," aliniambia. "Akishanyamaza hutamjua."

Nikamwambia aweke maji ya chai jikoni. Muda ulikuwepo wa kutosha, na mimi si mtu wa kuchelewa.

Tanga mpaka Tunduma

Nilibeba nguo chache na debe la rangi na brashi. Mke wangu alinifungia maandazi ya iliki ya kulisha harusi, akisema huko niendako sijui wanakula nini. Dar es Salaam nilibadili basi, na kwenye kiti cha pembeni yangu akaja kukaa mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye mafurushi mawili aliyokataa yawekwe chini. Alijitambulisha: Maman Furaha, Mkongo wa Lubumbashi, msusi, anaishi Alexandra huko huko Johannesburg. Alikuwa amekuja Dar kununua vitenge. Furushi moja lilikuwa la vitenge, na la pili lilikuwa la nywele za bandia.

Kabla hatujafika Morogoro alikuwa amekwisha kuonja maandazi na kuyatolea hukumu kwamba sukari ni kidogo. Nami nilionja samaki wake wa kukaanga na kumwambia chumvi ni nyingi. Tukawa marafiki.

Makambako tulikula wali maharage kwa mkimbio, dereva akipiga honi kama mtu aliyefiwa. Tunduma foleni ya malori ilianzia mbali kiasi kwamba tulishuka tukatembea, tukalitangulia basi letu wenyewe. Hapo Maman Furaha aliniuliza nakwenda kufanya nini. Nilimwambia nakwenda kumchora bibi mmoja mgonjwa, na kwamba nitahitaji nywele, maana nywele zake za zamani zililiwa na panya. Sikusema zaidi. Kumweleza mwanamke niliyemjua jana kwamba bibi huyo ni mwanamume mwenye wajukuu niliona ni kutafuta maswali, na njia bado ilikuwa ndefu.

Mahali ambapo basi liligoma

Zambia ni kubwa. Mtu asikudanganye na ramani. Tulipita Mpika salama, kisha mbele ya hapo basi likatoa sauti ya sufuria linaloanguka, likakaa pembeni ya barabara. Utingo akasema ni jambo dogo. Jioni akasema kifaa kinatoka Lusaka. Kesho yake akasema kifaa kilichokuja si chenyewe.

Kulikuwa na mgahawa wa mama mmoja pale kando, banda la mabati na benchi mbili, tukawa wateja wake wa lazima. Tulikula ugali wao mlaini na dagaa wadogo waliokaangwa na nyanya, watamu mpaka nikasahau kukasirika. Siku ya pili, kwa kuwa mikono yangu haijui kukaa, nikamwomba yule mama nimchoree ukutani kuku, apate wateja. Maman Furaha anajua Kibemba, akatafsiri. Nikachora jogoo ambaye hajawahi kuzaliwa Afrika nzima: kifua kama ngoma, mapaja yanang'aa, upanga mwekundu wa kichwani umesimama. Abiria wote walikuja kutazama.

Mwenye mgahawa aliangalia kwa muda mrefu, akasema neno kwa Maman Furaha.

"Anasema kuku yake haiko kubwa vile," akanitafsiria. "Batu batakuja, bataona ya ukutani, bataleta fujo bakiona ya mu sahani."

Nilicheka sana. Nikamweleza kwamba kazi ya picha ya biashara ni kutia chumvi, kila mtu anajua, ndiyo maana kinyozi anachora kichwa ambacho hakuna mteja anacho. Mama yule hakusadiki. Aliniomba nipunguze mapaja, nami nikapunguza kwa shingo upande, nikiona ameharibu kazi nzuri. Basi lilipopona tuliondoka, na mimi moyoni nilikuwa nimeanza kuhesabu. Muda wangu wa kutosha ulikuwa umebaki kiasi cha kuogopesha.

Limpopo

Daraja la Limpopo, mpaka wa mwisho kabla ya Johannesburg, ndipo nilipoogopa kweli. Foleni ya watu ilikuwa imejikunja mara nyingi, jua limesimama utosini, na kila tulipokaribia dirishani, mtu wa ndani alienda kula. Ofisa mmoja alifungua debe langu, akanusa rangi ya unga, akamwita mwenzake, naye akanusa. Nilieleza kwa Kiingereza changu cha vibao, ambacho kina maneno kama "karibuni", "samaki fresh" na "hakuna mkopo". Mwishowe nilitoa brashi nikamwandikia jina lake kwenye kipande cha boksi kwa herufi za kivuli, zile za kupendeza. Akalisoma, akatabasamu, akalichukua, nami nikachukua debe langu.

Salehe alinipigia mle kwenye foleni mara mbili. Mara ya pili hakusema, alipumua tu, halafu Mwanaidi akachukua simu na kuniambia nisimzungumzishe mumewe tena, kwa kuwa kila neno analosema linamuumiza na yeye ndiye anayemsikia akikohoa. Alikuwa na haki. Lakini Jumatatu ilikuwa inakuja, na mimi nilikuwa ng'ambo ya mto na brashi mkononi. Sijawahi kujiona sina maana kama siku ile.

Fordsburg

Tuliingia Johannesburg Ijumaa asubuhi, baridi ikinikata masikio. Maman Furaha alinipa namba yake na maelekezo ya kufika kwake, akaondoka na mafurushi yake kichwani na mkononi. Mimi nilimkuta Salehe kibandani, katikati ya soko lile kubwa la Fordsburg, amekaa juu ya jora la kitambaa cheupe.

Alikuwa amekonda. Mabega yale yalikuwa yamebaki mifupa tu, shati likining'inia kama kwenye henga. Alinikumbatia bila kusema, nami niliona haya kwa jinsi nilivyolia mbele ya wateja. Tukaenda kuswali Ijumaa pamoja, kisha nyumbani.

Mwanaidi alikuwa amepika biriani ya mgeni. Mumewe akapewa bakuli la uji. Nilikula kwa tabu, si kwamba biriani ilikuwa mbaya. Baada ya kuondoa sahani Mwanaidi aliniambia wazi, kwa adabu yote, kwamba ananikaribisha nyumba nzima ila hiyo kazi yangu haikubali. Kwanza, nyumba yenye picha ya kiumbe malaika hawaingii, na msimu huu anawahitaji malaika kuliko wakati wowote. Pili, mumewe ni babu wa watu, anaenda kwenye kisu. Kama lazima achorwe, achorwe kwa kanzu na kofia, si kanga na wanja.

"Shemeji, yule mwanamke amenikalia nyumbani miaka thelathini," alisema. "Sasa niache nimuuguze mume wangu peke yangu."

Salehe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaninong'oneza kwamba kibandani kwao wanaingia wateja, malaika wana ruhusa ya kwenda kwingine, na picha itakaa huko. Mwanaidi alinyanyuka akaenda kuosha vyombo, na sauti ya vyombo ilitueleza yaliyobaki.

Nilianza alasiri ile ile, uani, kwenye ubao laini wa mbao. Sikuhitaji Salehe avae chochote. Bi Tatu nilimchora mara nyingi sana, mkono unamjua wenyewe: uso wa yai, macho ya kurembua, shingo ndefu, kishungi cha kanga. Kabla ya magharibi nilikuwa nimemaliza, na niwaambie ukweli, ilikuwa kazi safi. Nikamwita.

Salehe alisimama mbele ya ubao, mikono nyuma. Akatazama kama anavyotazama mtu chenji aliyorudishiwa.

"Umechora dada yake," alisema kwa ile sauti ya msasa.

Nikamuuliza ana kasoro gani. Akashika kidevu chake mwenyewe, kidevu kile cha mwamba mnachokijua, kisha akaonyesha kidevu cha kwenye ubao, kidogo kama cha paka. Akaninong'oneza kwamba siku aliyokwenda hospitali aliona Braamfontein bango la maonyesho, limechorwa uso wa mwigizaji wa Kijapani wa zamani, akaingia ndani, akakaa mpaka mlinzi akamtoa. Picha zile ndizo zilizomfanya anipigie simu. Kesho nipande basi la haraka, nishuke, nivuke robot ya pili, ni mkono wa kushoto. Robot huko ni taa za barabarani. Nikamwambia nimechora tangu sijaota ndevu na sihitaji Mjapani anifundishe Bi Tatu. Akatabasamu, akanipa kadi yake ya basi.

Braamfontein

Nilikwenda ili nirudi nimwambie nilikuwa na haki.

Ni ukumbi wa chuo, mweupe, kimya, wenye baridi kuliko nje. Kuta zote zilikuwa nyuso. Nyingine zimechapwa kwenye karatasi, nyingine zimechorwa kwa brashi juu ya hariri, na hizo za brashi nilizitazama kwa jicho la fundi: mstari mmoja tu unatoka sikioni mpaka kidevuni bila kutetemeka. Nikavua kofia. Mkono ule ulikuwa mkono.

Lakini nilipofika kwenye picha ya mwanamke mmoja, nikasimama. Nguo zake zilichorwa maua kwa ustadi wa ajabu, nywele zimepangwa, na kwenye paji la uso amewekewa kitambaa kidogo cha zambarau. Na uso? Pua nene, taya pana, mikunjo chini ya macho. Nikajisemea fundi huyu alijua nguo, wanawake hakuwajua.

Msichana aliyekuwa akiongoza wageni alinisikia nikiguna Kiswahili, akaja. Aliitwa Wambui, Mkenya, anasoma pale chuoni. Nilimweleza kwa upole wa mtu mwenye ujuzi jinsi ambavyo ningemsaidia mchoraji yule: hapa ningekata taya, hapa ningeinua jicho, mikunjo ningeifuta yote.

"Lakini mzee, huyo si mwanamke," Wambui alisema. "Ni mwanaume, na ameshazeeka kiasi. Na watu walionunua hiyo picha walikuwa wanajua vizuri sana."

Akanieleza. Zamani huko Japani wanawake walikatazwa kupanda jukwaani, wanaume ndio walioigiza wanawake maisha yao yote. Waliamriwa kunyoa nywele za mbele, na kile kitambaa cha zambarau kilikuwa cha kuficha upara ule. Mashabiki walikipenda. Wakikiona kwenye picha walijua ni nani, na hawakununua sura ya mwanamke mzuri, maana wanawake wazuri walikuwa nao majumbani. Walinunua fulani wao, mwigizaji waliyemjua kwa pua, akiwa ndani ya mwanamke fulani, wote wawili kwenye uso mmoja. Mchoraji mmoja alizidisha ukweli mpaka, inasemekana, hata waigizaji hawakufurahi, naye hakudumu kwenye kazi hiyo.

Halafu akanionyesha picha za wale waliotoa macho, jicho moja limevutwa puani, vidole vimekunjuliwa. Huo, alisema, ni ule wakati mwigizaji anaganda katikati ya mchezo na ukumbi mzima unamwitikia kwa kelele. Mchoraji aliukamata hapo hapo.

Nilimjua mtu anayeganda namna ile. Bi Tatu akishammaliza mkwe wake kwa maneno, huinua kidole, hufumba nusu ya jicho la kushoto, hutoa kidevu, na hakuna anayepumua mpaka ashushe kidole. Miaka yote nilikuwa nikisimama nyuma ya ukumbi nikimwona, kisha naenda nyumbani kuchora kidevu cha paka. Na sijuti. Ubao wa mlangoni kazi yake ni kuita watu, na uliita. Lakini Salehe hakuniita kilomita zote zile nikamletee watu. Alikuwa akitafuta mahali pa kumweka Bi Tatu.

Nilikaa kwenye benchi ya ukumbi ule nikainakili mistari ya taya mpaka karatasi ikaniishia. Wambui aliniletea nyingine. Asiyekubali kushindwa si mshindani, nami nilikubali: yule fundi wa hariri alinishinda, Mungu amrehemu kama anavyojua mwenyewe.

Alexandra

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa Maman Furaha. Alexandra ni nyumba iliyoegemea nyumba, waya juu, maji ya sabuni chini, na ng'ambo ya barabara maghorofa ya Sandton yanakutazama. Chumba chake cha kusukia kiko nyuma ya spaza, duka dogo la mtaani. Alinikalisha, akanipa fufu, ugali wao, na sombe, kisamvu chao, chenye mawese mpaka kinang'aa, akasema ananilipa maandazi. Aliponiona nageuka geuka kila kelele ya nje, alinipigapiga begani. Alikuwepo hapo miaka ile ya fujo dhidi ya wageni, alisema, akajificha kwa jirani yake Mzulu, na huyo jirani ndiye anayeketi pale mlangoni sasa anasukwa. Basi nikatulia.

Alikuwa amekwisha kuanza nywele za yule bibi yangu: ndefu, laini, zinamwagika mabegani, nywele za bibi harusi. Hapo nikaona hakuna ujanja. Nikamweleza yote. Mama mkwe, mvi, mabutu manne yaliyofungwa kwa uzi, na mwenye kichwa ni mwanamume.

Maman Furaha aliweka chanuo chini. Yule jirani akauliza kuna nini, akatafsiriwa, akasema "eish" kwa kirefu.

"Fundi, ungesema tangu kule Tunduma," Maman Furaha alisema. "Kichwa ya mwanaume iko mupana hapa mbele. Mi ningekata namna ingine. Sasa unataka paji yake ionekane, ao nifiche?"

Nikafikiria kile kitambaa cha zambarau.

"Ionekane," nilimwambia.

Akasema basi kesho akitoka kanisani ataleta mwenyewe, aone hicho kichwa.

Jikoni kwa Mwanaidi

Jumapili mchana tulikuwa watu wanne jikoni, kwa kuwa ndipo palipokuwa na mwanga mzuri. Maman Furaha na nywele zake mpya kwenye mfuko, akiwa na kitenge cha kanisani kinachojaza mlango. Mimi na ubao mpya. Salehe na suruali. Na Mwanaidi, aliyetupa mgongo akimenya viazi, kwa sababu, alisema, jikoni ni kwake na hafukuzwi.

Salehe alivaa mabutu yale, yakamkaa kama ameota nayo. Akajipaka wanja mwenyewe kwa kidole. Kanga yake ya jukwaani ilibaki Tanga, akachukua shuka, akajifunga kiunoni. Alihangaika nayo, ikamponyoka, akaifunga tena. Kisu cha viazi kikanyamaza. Mwanaidi aligeuka, akamtazama mumewe juu mpaka chini, akatoka. Nilidhani ametukasirikia kabisa. Alirudi na doti yake ya kanga, mpya, haijafuliwa hata mara moja.

"Mama mkwe gani anafunga shuka kama anatoka kuoga," alisema, akamfunga mwenyewe, kifuani na kichwani, kwa mikono ya haraka, bila kumtazama usoni.

Nilimuuliza kama amewahi kumwona Bi Tatu jukwaani. Hata siku moja, alisema. Baba yake hakuwa akiruhusu, na baadaye kulikuwa na watoto wa kulaza. Lakini sauti alikuwa akiisikia kila siku, mumewe alikuwa akifanya mazoezi bafuni mpaka maji yanaisha.

Salehe akasimama katikati ya jikoni. Akanionyesha kwa ishara kwamba mimi ndiye mkwe, nimechelewa, na nimekuja mikono mitupu. Na Bi Tatu akafungua mdomo.

Sauti haikuwa ile ya zamani. Ilikuwa imechanika, ikitoka vipande vipande, nyingine ikibaki ndani. Lakini alikuwa yeye. Alinisema kwa ajili ya viatu vyangu, mama yangu, jinsi ninavyobisha hodi kama mdai kodi, na alisema bado hajafika kwenye jambo lenyewe. Maman Furaha alikuwa ameshikilia friji akicheka. Mwanaidi hakucheka. Alikuwa anamtazama mumewe mdomoni, midomo yake mwenyewe ikicheza kidogo, kama mtu anayefuata dua anayoijua.

Kisha Salehe akaganda. Kidole juu, jicho la kushoto nusu, kidevu mbele. Nami nikachora. Nilianzia na taya, mstari mmoja, na namshukuru Mungu haukutetemeka. Nikaweka paji la mwanamume chini ya mabutu ya mwanamke, nikaweka mikunjo yote, nikaweka ile mishipa ya shingo iliyokuwa imesimama kwa maumivu. Alikaa hivyo mpaka mabega yakaanza kumtikisika, na bado hakushusha kidole. Mwanaidi ndiye aliyemshusha, alimshika mkono akauteremsha taratibu, akamkalisha kitini, akampa maji ya uvuguvugu. Mle jikoni Bi Tatu hakusema tena.

Niliendelea peke yangu mpaka adhana ya magharibi. Mwanaidi alipita mara moja, akaitazama picha, akaifunika kwa kitambaa, akaniambia ni kwa sababu ya malaika.

Wodini

Jumatatu tulimpeleka. Siku zilizofuata nilikaa kibandani nikiwauzia watu vitambaa kwa Kiingereza changu cha vibao, na niwaambie biashara haikulala. Daktari alisema kazi imekwenda vizuri. Safari ya kurudi Tanga sitaieleza, maana basi halikugoma na hakuna aliyeninusia debe, kwa hiyo haina habari.

Ya mwisho ni hii. Siku waliyoturuhusu kukaa naye kwa muda, Mwanaidi alitoka nyumbani amebeba ubao kwapani, umezongwa kanga, na hakutaka nimsaidie. Salehe alikuwa ameegeshwa kwenye mito, bandeji shingoni, bomba dogo pale panapopitia pumzi. Alitupungia mkono. Nilizungumza kwa niaba ya watu wote, kama mnavyonijua, hali ya hewa, soko, salamu zenu mmoja mmoja, kwa sababu niliogopa ule ukimya wake.

Mwanaidi akaufungua ubao, akausimamisha miguuni pa kitanda.

Salehe alitazama. Akapeleka mkono kwenye kidevu chake, akakipima, akakipima na cha kwenye picha. Akaitikia kwa kichwa. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahia kazi yoyote, na sioni haya kusema. Kisha akajiinua kwenye mito, akainua kidole, akafumba nusu ya jicho la kushoto, akatoa kidevu mbele, akafungua mdomo.

Hakukutoka kitu. Pumzi tu kwenye bomba. Na mimi mjinga nilikuwa nimeinamisha sikio, nikingoja, kwa mazoea ya miaka yote. Kidole kilikuwa bado juu. Macho yake yalianza kujaa, nami sikujua nitazame wapi.

"We mchora vibao," sauti ilisema, "kidevu chote hiki umekitoa wapi? Au ulibakiwa na rangi ukaona ni dhambi kumwaga?"

Ilikuwa Bi Tatu. Ule mvuto wa mwisho wa neno, ile dharau ya puani, vyote. Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuka. Mwanaidi alikuwa amekaa wima ng'ambo ya kitanda, mkoba mapajani, anatazama ukutani kana kwamba si yeye aliyesema.

Salehe alimgeukia mkewe polepole. Mabega yakaanza kumtikisika, akicheka bila sauti, machozi yakimshuka mpaka kwenye bandeji, na muuguzi akaja kutazama kuna nini. Alipotulia, aliufuta uso kwa kiganja, akashusha kidole.

Kisha akakiinua tena, akafumba nusu ya jicho, akamtazama mkewe, akingoja. Mwanaidi akavuta kiti karibu.